NUNGUNUNGU JUU YA MTI: SENTENSI MOJA YA MAJIRA YA THELUJI NA MZIGO WA MFASIRI

Utangulizi

Miongoni mwa sentensi ambazo mwanafunzi wa tafsiri huzipita mbio, zimo zile zinazoonekana nyepesi. Istilahi za sheria na za utabibu humtia hofu, naye huzikabili akiwa na kamusi tatu mezani. Masimulizi ya matembezi, ya wanyama na ya hali ya anga, kwa upande mwingine, huyachukulia kuwa mchezo. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba wepesi huo aghalabu ni wa juujuu tu. Tutaichukua sentensi moja ya kawaida kabisa, ya aina inayopatikana tele katika shajara na vitabu vya watoto vya Amerika Kaskazini, tuitie katika Kiswahili kwa njia iliyozoeleka, kisha tuulize: je, msomaji wa Lamu, wa Kitui au wa Bungoma ameona kile alichokiona mwandishi?

Sentensi yenyewe, ikishafasiriwa, husomeka hivi: "Siku moja ya kipupwe, tulipokuwa tukitembea msituni pamoja na marafiki, tulimwona nungunungu."

Sarufi yake haina dosari. Kila neno lina idhini ya mazoea. Hata hivyo, maneno mawili, kipupwe na nungunungu, yanatosha kuipotosha picha nzima, na neno la tatu, tulimwona, linaificha kazi waliyoifanya watembezi hao. Dai letu ni kwamba upotofu huu hautokani na uhaba wa msamiati wa Kiswahili. Unatokana na dhana kwamba majina yakilingana, basi vitu navyo vinalingana.

Picha anayoipata msomaji wetu

Tuanze na majira. Kipupwe, kwa watu wa mwambao, ni msimu unaofuata masika, yaani takriban Juni hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unapovuma na hewa ikapoa. Mjini Mombasa, kupoa huko ni kwa kadiri: usiku wa Julai kipimajoto hukaribia nyuzi 20, na mchana watu huenda zao mabegani pakiwa na shuka au fulana tu. Mashamba bado ni ya kijani. Miti haijapukutisha majani. Kwa msomaji aliyelelewa na neno hili, kipupwe ni faraja baada ya joto la kaskazi na matope ya masika.

Sasa tumtazame mnyama. Nungunungu anayejulikana katika Afrika Mashariki ni wa jenasi ya Hystrix, na Kenya ina spishi mbili: Hystrix cristata, mwenye ushungi wa nywele ngumu kisogoni, na Hystrix africaeaustralis, ambaye makao yake yanaenea hadi ncha ya kusini ya bara. Ni mnyama mgugunaji mkubwa, mwenye uzani unaoweza kupita kilo 20. Hulala mchana kutwa shimoni, pengine katika shimo lililochimbwa na muhanga, na hutoka usiku kutafuta mizizi na viazi. Mkulima wa muhogo, mahindi au viazi vitamu humfahamu kwa hasara anayoikuta alfajiri. Miiba yake mirefu ya mgongoni, yenye mabaka meusi na meupe, huonekana tangu mbali. Mkiani ana miiba mifupi iliyo wazi ndani, ambayo akiitikisa hulia kama njuga. Adui akikaribia, nungunungu humpa mgongo, huisimamisha miiba na kumwendea kinyumenyume.

Kwa hiyo, msomaji wetu anapoisoma sentensi ile, anamwona mnyama mkubwa wa ardhini, usiku, karibu na shamba, katika baridi ya Julai. Huenda akajiuliza hao marafiki walikuwa wakitafuta nini msituni usiku. Hana hatia: amesoma alichoandikiwa.

Picha aliyokuwa nayo mwandishi

Mwandishi naye alikuwa, mathalani, katika milima ya Catskill katika jimbo la New York, mwezi wa Januari, saa nane mchana. Huko baridi ya usiku hushuka mbali chini ya sifuri. Miti mingi imebaki matawi matupu, na ile inayohifadhi kijani chake ni ya jamii ya misonobari, yenye majani membamba kama sindano. Theluji imefunika ardhi. Mnyama aliyeonekana alikuwa juu ya mti.

Mnyama huyo ni Erethizon dorsatum, anayepatikana kuanzia Alaska na Kanada, kupitia maeneo mengi ya magharibi na ya kaskazini mashariki mwa Marekani, hadi kaskazini mwa Meksiko. Uzani wake kwa kawaida ni kati ya kilo 5 na 14. Nyayo zake hazina manyoya na ngozi yake ni ya vipele vinavyoshika gome. Kucha zake ni ndefu zilizopinda, na nywele ngumu zilizo chini ya mkia humpa mhimili anapopanda. Ana miiba inayokadiriwa kuwa 30,000, lakini haipiti sana sentimita 10 kwa urefu, na sehemu kubwa imefichwa ndani ya manyoya marefu ya rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi. Anayemtazama kutoka chini huona donge jeusi tawini, ambalo ni rahisi kulidhania kuwa kiota kikubwa au matita ya majani yaliyokwama.

Yeye hana njuga mkiani. Akitishwa, hugonganisha meno na kutoa harufu kali, na adui asipoelewa, hupigwa kwa mkia. Wala halali majira yote ya baridi kama wafanyavyo baadhi ya wanyama wa nchi hizo. Hukesha na njaa yake. Chakula cha miezi hiyo ni utando wa ndani wa gome na majani ya misonobari, navyo ni lishe duni, kiasi kwamba mnyama huyu hukonda siku baada ya siku hadi machipuko yatokeze. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi saba na kuzaa mtoto mmoja tu, ambaye miiba yake huwa laini anapozaliwa na hukauka katika muda wa saa chache.

Mengi ya haya yanafahamika kutokana na utafiti wa Uldis Roze, mwanabiolojia wa Chuo cha Queens mjini New York, aliyewafuatilia wanyama hawa katika milima hiyo ya Catskill kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yao mwaka wa 1989. Miongoni mwa aliyoyabainisha ni kwamba mnyama huyu hodari wa kupanda huanguka pia: mifupa iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho ina alama za mivunjiko iliyounga. Fauka ya hayo, miiba yake imepakwa mafuta yenye uwezo wa kuzuia bakteria, jambo ambalo Roze alilihusisha na hatari ya mnyama kujichoma mwenyewe anapoanguka.

Kuona na kubaini

Tumesema kwamba neno tulimwona linaificha kazi. Katika matembezi ya kutazama maumbile wakati wa theluji, nungunungu haonekani hivi hivi. Husomwa kwanza chini, ndipo aonekane juu.

Ishara ya kwanza ni njia. Kwa kuwa mnyama huyu ana miguu mifupi na tumbo linaloburura, hupasua theluji na kuacha mfereji mpana, na ndani yake nyayo zinazoelekeana kwa ndani. Kwa kuwa hupenda kuirudia njia ile ile kati ya makao na mti wa chakula, mfereji huo huzidi kuwa wazi. Ishara ya pili ni vitawi vibichi vya msonobari vilivyotapakaa juu ya theluji chini ya mti mmoja, kila kimoja kikiwa kimekatwa kwa mshazari kana kwamba kwa kisu. Hivi ni masazo ya mlaji aliye juu. Ishara ya tatu ni mabaka meupe shinani au matawini, mahali gome lilipoambuliwa, yenye mikwaruzo ya meno. Ishara ya nne ni lundo la kinyesi mlangoni mwa pango la mawe au penye shina lenye uwazi ndani, kwa maana mnyama huyu hana desturi ya kusafisha kizingiti chake.

Watembezi wakiwa wengi, macho hugawana kazi: mmoja hufuata mfereji, mwingine hukagua magome, wa tatu hutazama matawi. Mwenye mbwa humfunga kamba. Mtu wa kwanza kulitambua donge jeusi huwaonyesha wenzake kwa mkono, bila kelele, na kundi husimama mbali. Ndiyo maana kitenzi kinachofaa hapa si kuona tu. Kiswahili kina kubaini, kitenzi kinachobeba maana ya kulipambanua jambo lililokuwa limejificha. "Tulimbaini nungunungu" ni kauli yenye jitihada ndani yake, ilhali "tulimwona nungunungu" yaweza kusemwa na abiria aliyemwona barabarani usiku kwa mwanga wa taa za matatu.

Madhara ya jina moja

Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani? Miiba ni miiba, na nungunungu ni nungunungu. Jibu ni kwamba hasara hutokea pale tafsiri inapohama kutoka kwa hadithi hadi kwa maelekezo au maarifa ya sayansi.

Chukua suala la mwiba wenyewe. Mwaka wa 2012, kundi la watafiti akiwemo Jeffrey Karp lilichapisha uchunguzi uliolinganisha mwiba wa mnyama wa Amerika na ule wa nungunungu wa Afrika. Ncha ya mwiba wa Amerika imejaa vijino vidogo sana vinavyoelekea nyuma. Ule wa Afrika hauna vijino hivyo. Watafiti waligundua kwamba vijino vinaufanya mwiba upenye nyama kwa takriban nusu ya nguvu ambayo ingehitajika bila hivyo, na wakati uo huo vinaufanya uwe mgumu kung'oka. Mwiba ulioingia katika pua ya mbwa wa Vermont hauna tabia sawa na ule uliomchoma mbwa wa Machakos. Mfasiri wa kijitabu cha utabibu wa wanyama atakayeandika "miiba ya nungunungu ina vijino vinavyoelekea nyuma", akaishia hapo, atakuwa amewaambia wafugaji wa Kenya jambo lisilo kweli kuhusu mnyama wao, kwa sentensi iliyofasiriwa neno kwa neno bila kosa.

Vivyo hivyo kuhusu tabia. Mwandishi wa kitabu cha kiada akitegemea matini ya Marekani, atamfunza mtoto wa darasa la tano kwamba nungunungu hupanda miti na kula magome wakati wa theluji, na kwamba adui yake mkuu ni mnyama wa jamii ya kicheche anayemshambulia usoni. Mtoto huyo, ambaye pengine babu yake amelinda shamba la muhogo dhidi ya nungunungu usiku, ataamua kwamba ama babu hajui au kitabu kinasema uongo.

Yapo pia makosa ambayo wanyama hawa wawili wanayachangia. Tangu enzi za Aristotle imesemwa kwamba nungunungu hurusha miiba kama mishale. Hakuna spishi yoyote inayofanya hivyo: miiba hung'oka kwa urahisi inapogusa, basi. Kwa hiyo mfasiri anayekumbana na kitenzi cha kurusha katika matini asilia anapaswa kujiuliza kama ni lugha ya tamathali au ni imani hiyo kongwe.

Jina limetoka wapi?

Neno nungunungu ni kongwe. Waswahili wengine husema nungu, na Kishona na Kichewa nazo zina nungu, ilhali Kizulu kina inungu. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameliunda upya neno hilo katika Kibantu Kale kwa maana hii hii. Yaani wahenga wa lugha zetu walimpa jina mnyama waliyemwona wao, wa Afrika, anayechimba na kulia njuga. Isitoshe, hawakuwa watu wa kukusanya kila chenye miiba chini ya jina moja. Kiswahili humwita yule mdogo mla wadudu anayejikunja kama mpira kalunguyeye, na hakuna mzee atakayemwita nungunungu kwa sababu tu naye ana miiba.

Basi ni nani aliyewachanganya wanyama hawa wawili? Ni lugha za Ulaya. Jina la Kiingereza linatokana na Kifaransa cha kale, nalo maana yake ni nguruwe wa miiba. Mnyama aliyejulikana huko alikuwa Hystrix cristata, ambaye anaishi Italia na kaskazini mwa Afrika, na ambaye, kama tulivyotaja, ndiye huyu huyu aliyepo Kenya. Walowezi walipofika Amerika na kumkuta mgugunaji mwenye miiba juu ya mti, walimvika jina walilokwenda nalo. Wenyeji hawakuwa na haja ya jina hilo: Waojibwe, kwa mfano, humwita gaag, na watu wa mataifa kama vile Lakota na Cheyenne walikuwa wakiitia rangi miiba yake na kupambia mavazi kabla ya shanga za kioo kuletwa. Hata sayansi ilianza kwa kuchanganya. Mwaka wa 1758, Linnaeus aliwaweka wote katika jenasi ya Hystrix, na ni katika karne ya 19 ambapo yule wa Amerika alitengewa jenasi yake.

Leo wanasayansi huwaweka katika familia mbili tofauti. Familia ya Amerika ilikulia Amerika Kusini, na mnyama wetu wa theluji ni kizazi cha wale walioelekea kaskazini, katika kipindi ambacho nchi ya Panama iliyaunganisha mabara hayo mawili, takriban miaka milioni 3 iliyopita. Inaaminika kwamba mababu wa mbali zaidi wa wagugunaji hao wa Amerika Kusini walitoka Afrika zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, wakavushwa bahari juu ya maboya ya mimea. Kwa hiyo udugu upo, ila ni wa mbali mno, na miiba ilizuka kila upande kivyake.

Hoja hii ina uzito kwa mfasiri wa Kiswahili. Anapoandika nungunungu kwa mnyama wa Catskill, hatumii tu neno la Kibantu. Anarithi pia mkanganyiko wa Kiingereza na kuuingiza katika lugha ambayo haikuwa nao.

Njia za kutokea

Njia ya kwanza ni kuliacha neno lilivyo na kumtegemea msomaji akisie. Tumeona hatari yake. Mfano wa kutuonya tunao: mbwa mwitu. Jina hili ni la mnyama wa Laikipia na Serengeti mwenye mabaka na masikio ya mviringo, lakini katika tafsiri za Biblia na za ngano za Ulaya limetumiwa kwa mnyama mwingine kabisa wa nchi za baridi. Matokeo ni kwamba mwanafunzi wa leo hawezi kujua ni yupi anayetajwa mpaka atazame muktadha, na mara nyingi muktadha hausemi.

Njia ya pili ni kukopa jina la kigeni na kulipa sauti za Kiswahili. Njia hii ni halali, lakini hapa haina faida. Neno la mkopo lisilojulikana halimpi msomaji picha yoyote, na tena lingekuwa lile lile la Kiingereza lililoanzisha mkanganyiko.

Njia ya tatu ni kulihifadhi jina na kuliongezea kibainishi. Kiswahili kimefanya hivyo kwa ufanisi. Bata mzinga ni ndege wa asili ya Amerika Kaskazini, wala si bata, lakini neno mzinga limemtenga kiasi kwamba hakuna anayemtafuta bwawani. Kwa kufuata mkondo huo, tunapendekeza nungunungu wa mtini kwa familia nzima ya Amerika, ambayo wanajamii wake ni wapanda miti, na nungunungu wa mtini wa Amerika Kaskazini pale spishi hii inapohitaji kutajwa kwa usahihi wa kisayansi. Kibainishi hicho kinataja tabia inayomtofautisha na wa kwetu, na hakihitaji tanbihi.

Kuhusu majira, tatizo ni dogo zaidi. Eugene Nida, katika kazi yake ya mwaka wa 1964, alijadili jinsi ya kufasiri weupe wa theluji kwa watu wasioijua theluji, akataja uwezekano wa kutumia manyoya ya ndege mweupe badala yake. Sisi hatuna haja ya kwenda umbali huo. Neno theluji tunalo tangu zamani, na Kirinyaga na Kilimanjaro zimetuonyesha maana yake. Majira ya theluji, au majira ya baridi kali, yatamfikisha msomaji Januari ya Catskill bila kumpitisha katika Julai ya Mombasa. Kipupwe kibaki kwa wenyewe.

Hitimisho

Mfasiri hana ruhusa ya kuongeza asichokisema mwandishi. Mwandishi hakutaja mfereji wala vitawi vilivyokatwa, na kuvitia humo kungekuwa kumwandikia sentensi nyingine. Alichotaja ni wakati, tendo na mnyama, na hivyo vitatu ndivyo tunavyodaiwa kuvifikisha salama. Kwa mabadiliko matatu tu, tafsiri yetu inakuwa hivi:

"Siku moja ya majira ya theluji, tulipokuwa tukitembea msituni pamoja na marafiki, tulimbaini nungunungu wa mtini."

Msomaji wa Kitui akiisoma sasa, atainua macho yake pamoja na watembezi wale. Nungunungu wake wa shambani atabaki shimoni mwake, akisubiri giza, na atakapotajwa katika Kiswahili hatakuwa na haja ya kibainishi chochote, kwa kuwa jina ni lake.